Nani Ataikatiza Nairobi? Runinga ya Mombasa na Vituo Mama

Maandishi ya mazungumzo na wakazi wa upande wa bara: Likoni, Kisauni na Changamwe

 

Jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni na kuzama na mama na bintiye mdogo. Hakuna haja ya kusimulia yote. Wengi waliopo hapa walisimama ufuoni siku zile, na wazee waliosimama pale walikuwa tayari na kidonda cha tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu 272. Gari lile la 2019 lilitolewa majini tarehe 11 Oktoba, siku ya kumi na tatu. Kwa muda wote huo Likoni ilikuwa kwenye kila runinga nchini. Magari ya kurusha matangazo ya moja kwa moja yaliegeshwa kivukoni, na mtu wa Kisumu au Garissa aliijua milango ya feri zetu kama aliyewahi kuvuka.

Sasa jiulize swali dogo. Ukiwa Mtongwe au Shelly Beach, saa kumi na moja alfajiri, na unataka kujua feri ngapi zinafanya kazi leo na foleni imefika wapi, unawasha chaneli gani? Wengi hawawashi chochote. Wanampigia simu jamaa aliyetangulia kuvuka, au wanafungua kundi la WhatsApp, na humo habari ya kweli na ya uongo zinakaa mkeka mmoja. Kivuko hiki kinabeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku kwa hesabu inayotajwa na wasimamizi wake. Hao ni watu wengi kuliko mji mzima katika kaunti nyingi. Mji wa ukubwa huo ungekuwa na runinga yake.

Mazungumzo ya leo yanahusu kwa nini hali iko hivyo. Sababu si kwamba Mombasa haina waandishi, wala kwamba haina watu wenye vipaji vya kamera. Sababu iko katika uhusiano kati ya kituo cha mji na kituo kikubwa kinachokilisha vipindi, ambacho leo tutakiita kituo mama.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu jambo hili lina umri. Mwaka 1947 Mombasa ilikuwa na redio yake, Sauti ya Mvita. Ilikuwa sauti ya mji huu, kwa Kiswahili cha mji huu, na nyumba nyingi za Pwani ziliihesabu kuwa yao. Kufikia mwaka 1966 Sauti ya Mvita haikuwepo tena. Utangazaji ulikuwa umekusanywa chini ya Sauti ya Kenya, VoK, na maamuzi yakahamia Nairobi. Nchi changa ilitaka sauti moja, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake wakati ule. Lakini kilichopotea hakikurudi.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na mwaka 1970 VoK ikafungua kituo cha runinga Mombasa. Wazee wanakumbuka: seti moja mtaani, watoto wamejaa sebuleni kwa mwenye nyumba, wengine wamening'inia dirishani. Kile kilikuwa kituo kilichoko Mombasa, lakini hakikuwa kituo cha Mombasa. Kilikuwa tawi la shirika la taifa. Tofauti hiyo ndiyo ya kushikwa, kwa sababu imebaki hadi leo hata pale majina na wamiliki walipobadilika. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilianzisha runinga yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara ilikaa bila runinga hadi mwaka 1994. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wa pwani hii hawakuweza kuwa na kituo chao wenyewe. Kisiwa kimoja kiliamua, kikawa nacho.

VoK iligeuka KBC mwaka 1989. Mwaka uliofuata ikaja KTN, kituo cha kwanza cha binafsi, na hapo Kenya ikaona uhusiano wa aina nyingine. KTN ilianza kwa kuchukua matangazo ya CNN ya Marekani na kuyarusha hapa. Kituo cha Nairobi, nacho, kikawa na kituo mama. Vita vya Ghuba vilipoanza Januari 1991, aliyekuwa na eriali inayoshika KTN aliweza kukaa kitini Nairobi na kuiona Baghdad usiku. Ilikuwa ajabu kweli. Lakini ajabu hiyo ina upande wa pili: mtu yule yule hakuwa na namna ya kuona kinachotokea Kisauni usiku ule, labda kiwe kikubwa cha kutosha kupigiwa safari ya kilomita karibu 500 na mwandishi mwenye kamera.

Kituo cha mji kuungana na kituo mama hakuna ubaya ndani yake. Kutengeneza runinga ni ghali. Tamthilia ya saa moja inahitaji waigizaji, wapiga picha, taa, wahariri, chakula cha watu hamsini. Kituo kidogo cha Changamwe hakiwezi kujaza saa 24 kwa mfuko wake. Kikipokea tamthilia, mpira na habari za dunia kutoka kwa kituo mama, kinapata watazamaji, na watazamaji wanaleta matangazo ya biashara. Kinachofaa kuangaliwa ni masharti ya mkataba, na hasa sharti moja: ni nani mwenye haki ya kukatiza?

Marekani, ambako mfumo huu umekomaa, kituo cha mji huwa na leseni yake, mmiliki wake na chumba chake cha habari. Kinatia saini mkataba na mojawapo ya mashirika makubwa kama ABC, CBS au NBC, kinarusha vipindi vya shirika hilo usiku, na kinabaki na taarifa zake za habari za mji. Sheria za utangazaji za huko zinakilinda kituo hicho: mkataba hauruhusiwi kukinyima haki ya kukataa kipindi cha shirika mama pale kinapoona kuna jambo muhimu zaidi kwa watu wake. Kimbunga kinapokaribia mji, kipindi cha taifa kinakatwa katikati, hata kama mwizi alikuwa karibu kukamatwa, na anatokea mtu wa hali ya hewa na ramani ya mitaa. Watu wanalalamika, lakini wanajua barabara ipi imefungwa.

Mfumo huo nao una kasoro zake. Zamani mashirika makubwa yalivilipa vituo vya miji kwa kurusha vipindi vyao. Sasa mara nyingi ni kituo cha mji kinachomlipa mkubwa. Kituo kinachobanwa na malipo hupunguza waandishi kwanza. Hata hivyo haki ya kukatiza imebaki.

Kenya haikujenga hivyo. Hapa vituo vikubwa vilieneza mitambo yao wenyewe nchi nzima na kuweka ofisi ya waandishi Mombasa. Ofisi hiyo inatuma picha Nairobi. Mhariri wa Nairobi anachagua. Kinachochaguliwa kinarudi Mombasa saa moja usiku kwenye habari za Kiswahili au saa tatu kwenye za Kiingereza. Picha ya Likoni inafunga safari ya kwenda na kurudi ili mtu wa Likoni aione. Na kwenye mizani ya mhariri wa taifa, habari ya kivuko kilichochelewa saa mbili haiwezi kushindana na habari ya Bunge. Mhariri huyo hakosei. Anahudumia nchi. Kosa ni kudhani kwamba anahudumia pia foleni ya Likoni.

Pwani imetoa mengi kwenye runinga hiyo ya taifa. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, sauti ambayo Wakenya wa vizazi kadhaa waliamka nayo, alizaliwa Freretown, hapo ng'ambo ya daraja la Nyali. Aliingia VoK miaka ya sitini, akafanya kipindi chake cha Je, Huu ni Uungwana? kikadumu miongo; alifariki Februari 2025. Wasomaji wengi wa habari za Kiswahili ambao nchi inawapenda ni watu wa huku. Tamthilia kama Sultana, iliyoanza Citizen mwaka 2022, ilipeleka mandhari na lafudhi ya Pwani kwenye sebule za nchi nzima, na ni kazi ya kampuni ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla, watu ambao Kiswahili hawakujifunzia darasani. Hayo ni ya kujivunia. Lakini yatazameni vizuri: tunatoa sauti, sura, bahari na lugha. Chumba cha kuamua nini kirushwe saa ngapi kiko kwingine.

Kisha ikaja dijitali, na watu wengi wakaambiwa kwamba hapo ndipo mlango wa vituo vya mji ungefunguka. Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli.

Katika mfumo wa zamani kituo kilikuwa na mlingoti wake na masafa yake. Masafa yalikuwa machache, na aliyeyapata aliyashika. Katika dijitali, masafa yale yale yaliyobeba chaneli moja hubeba zaidi ya kumi. Kazi ikagawanywa: kuna anayetengeneza vipindi, na kuna mwenye leseni ya kusafirisha mawimbi. Mwenye vipindi hahitaji tena kujenga mlingoti. Anakodi nafasi, kama mwenye duka anavyokodi kibanda sokoni Kongowea badala ya kujenga soko. Leseni za mwanzo za usafirishaji zilikwenda kwa Signet, iliyo chini ya KBC, na kwa kampuni ya PANG ya Wachina. Vituo vikubwa vya binafsi vilipinga kutegemea mlingoti wa mwingine, wakaenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake mwaka 2014. Zamu ya Mombasa kuzimiwa analogi ilipangwa Februari 2015. Tarehe 14 mwezi huo Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi ya Citizen, NTV na KTN, na vituo hivyo vikakaa nje ya hewa zaidi ya wiki mbili, hadi viliporejea Machi kwa njia ya dijitali na mtambo wao wa pamoja.

Wale wakubwa watatu walipigania nini hasa? Walijua kwamba anayeshika mlingoti ana mkono kwenye swichi. Hilo ni somo la bure kwa kituo chochote kidogo.

Tangu hapo vimejitokeza vituo vidogo vya Pwani vyenye studio hapa hapa. Vingine vinafanya kazi nzuri kuliko mishahara inayolipwa. Lakini kibanda kina kodi, na kodi hiyo inadaiwa kila mwezi, tangazo la biashara liwepo au lisiwepo. Kampuni kubwa zinazofanya biashara Mombasa hununua matangazo yao kupitia ofisi za Nairobi, na ofisi hizo hupima watazamaji wa taifa. Matokeo yake kituo cha mji hujikuta kinajaza usiku kwa filamu za bure, marudio, na mahubiri yaliyolipiwa, na dakika za Changamwe zinazidi kufinyika. Hapo ndipo kituo mama anapokuja na mkataba mkononi. Mwenye njaa hasomi mkataba hadi mwisho.

Je, sheria inasema nini? Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinavitaka vituo visivyolipiwa viwe na angalau asilimia 40 ya maudhui ya ndani. Watu husikia "ya ndani" wakafikiri ni ya mji wao. Sivyo. Ya ndani maana yake ni ya Kenya. Kichekesho kilichopigwa picha Nairobi na kurushwa Mombasa kinahesabiwa kuwa cha ndani, na kituo kimetimiza wajibu wake bila kukanyaga Miritini. Hakuna dakika hata moja ambayo kanuni hiyo imeiwekea Likoni.

Kwa upande wa serikali za kaunti sheria iko wazi zaidi. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kaunti iweke njia za kuwasiliana na wananchi kupitia vyombo vinavyowafikia watu wengi zaidi, na katika orodha ya vyombo hivyo runinga imetajwa ya kwanza, kabla ya tovuti, redio za jamii na mikutano ya hadhara. Kwa hiyo wakazi wana haki ya kuuliza pesa za matangazo zinakwenda kituo gani na zinanunua nini. Na wanapouliza, jibu lisiwe picha za kiongozi akikata utepe. Dakika tano za utepe hazimsaidii mtu wa Bamburi ambaye maji yameingia ndani, kama yalivyoingia kwenye nyumba za watu mvua za Novemba 2023. Dakika moja yenye jina la barabara iliyofungwa, mahali pa kukimbilia na nambari ya kupiga ingemfaa zaidi, na ingegharimu kidogo.

Mfano wa Mei 2020 unafaa kukumbukwa. Wakati wa korona, tarehe 6 mwezi huo, ilitangazwa kutoka Nairobi kwamba Mji wa Kale hauingiki wala hautokeki. Vituo vyote vya taifa vilirusha tangazo hilo, na hakuna aliyeweza kusema hakulisikia. Lakini mtu wa Kisauni mwenye kibanda Mji wa Kale alikuwa na maswali ambayo jukwaa la Nairobi halikuwekwa kuyajibu: kizuizi kiko kona gani, na mzigo uliobaki ndani utafanywaje? Tangazo la taifa linasema jambo limetokea. Kinachofuata ni kazi ya kituo cha mji, na kituo cha mji kisicho na haki ya kukatiza kitabaki kikionyesha tamthilia hadi ifike zamu ya habari.

Kwa hiyo kituo chochote kitakachokuja kwa wakazi kujitangaza kuwa ni runinga ya Mombasa, iwe kinamilikiwa na mtu wa hapa au na kampuni ya mbali, kiulizwe maswali mawili kabla ya kupigiwa makofi. Ni dakika ngapi kwa siku zinazotengenezwa hapa, na ni saa ngapi? Saa sita ya usiku hazihesabiki. La pili, kukitokea jambo Likoni saa mbili unusu usiku, aliye studio Mombasa anaweza kukata kipindi kwa uamuzi wake, au lazima apige simu Nairobi kuomba ruhusa? Msimamizi mkweli atajibu moja kwa moja. Anayeanza kwa "mazungumzo yanaendelea" ameshajibu pia.

Yapo na ya kufanya nyumbani. Vituo vidogo huhama nafasi mara kwa mara, na king'amuzi hakitambui hadi kiambiwe. Anayesema chaneli ya Pwani imepotea mara nyingi anahitaji tu kuingia kwenye menyu na kutafuta chaneli upya. Kama mawimbi yanakatika, tazama eriali za majirani zimeelekea wapi. Mtambo mkuu unaohudumia Mombasa uko Mazeras, hivyo aliyeko Changamwe ana kazi nyepesi, na aliyeko Likoni nyuma ya ghorofa refu huenda akahitaji kuinua mlingoti wake. Ving'amuzi vya kununua mara moja bila malipo ya mwezi vipo; mtu asiuziwe kifurushi cha kila mwezi kwa ajili ya chaneli zisizolipiwa.

Na kama kituo kimekosea, kimetaja mtaa kwa uongo, kimeonyesha sura ya mtoto au maiti, au kimepuuza jambo kiliosema kitalishughulikia, lalamiko lipelekwe kwanza kwa kituo chenyewe kwa maandishi. Kisiporekebisha, mambo ya kanuni za vipindi yanakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na mambo ya maadili ya uandishi yanakwenda kwenye Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Si lazima barua iwe ndefu wala ya Kiingereza. Iwe na jina la kituo, tarehe, saa kipindi kiliporushwa, na maelezo ya kilichoonekana. Saa ndiyo inayosahaulika zaidi, na bila saa hakuna anayeweza kuitafuta kanda.